Mayai ya Chumba Namba Saba

Katika ploti moja ya vyumba kumi na viwili kule Karagita, nje kidogo ya mji wa Naivasha, stima huzimwa saa tatu asubuhi na kuwashwa saa kumi na moja jioni. Si hitilafu. Ni sheria ya mwenye ploti, na anayeitekeleza ni mzee Ngigi, msimamizi wake, ambaye ana kisanduku cha fyuzi chenye kufuli na ufunguo wa kufuli hiyo ameufunga kwenye mshipi. Hoja yao ni kwamba wapangaji karibu wote hushinda kwenye mashamba ya maua, kwa hiyo anayetaka stima mchana lazima ana jambo lake la chinichini, kama kupiga pasi nguo za watu au kuchemsha maji kwa koili. Mita ni moja ya ploti nzima, na Ngigi huitembelea mita ile mara nyingi kuliko anavyowatembelea wajukuu wake.

Sheria hiyo haikumkera mtu mpaka Jepleting wa chumba namba saba alipoanza kulala na mashine.

Jepleting ni dereva. Alijifunzia usukani kwenye malori ya mbao kule Elburgon, akishusha magogo kutoka msitu wa Mau kwenye matope yaliyowafanya wanaume wazima waruke kutoka garini na kumaliza safari kwa miguu. Kwa miaka tisa alikuwa ameendesha lori la baridi la kampuni moja ya maua, kutoka Naivasha hadi uwanja wa ndege Nairobi, akiondoka jioni na kurudi asubuhi. Ni mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hakuwa na la kumwonea mtu aibu, isipokuwa kukoroma.

Mumewe, kabla hawajaachana, alikuwa amehamishia kitanda chake jikoni. Jepleting alidhani ni visingizio vya mwanamume aliyechoka na ndoa. Hakujua kwamba kila akilala koo lake lilikuwa likilegea na kuziba njia ya hewa, pumzi ikakatika, mwili ukashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo, kisha mambo yakaanza upya, mara ishirini au thelathini kwa saa. Alikuwa akilala mchana kutwa na kuamka amechoka kama aliyetoka kulima. Alijiambia ni umri, halafu akajiambia ni uzito, halafu akaacha kujiambia chochote, akawa anakunywa kahawa tu.

Mwezi Machi, kifaa cha kufuatilia magari kilionyesha kwamba lori lake lilisimama dakika arobaini kando ya barabara pale Kinungi. Madam Chelimo, mkuu wa usafiri wa kampuni, alimwita ofisini na kumuuliza kulikoni. Jepleting akasema gurudumu. Chelimo akatoka nje, akayazunguka magurudumu yote kumi, akarudi, akakaa mbele yake. Ndipo Jepleting akasema kweli: alikuwa amesinzia usukanini, akazinduka gurudumu la kushoto limeshatoka kwenye lami, na baada ya hapo miguu ilitetemeka mpaka akashindwa kukanyaga. Kusinzia hakukumfedhehesha sana, maana hakusinzia kwa kupenda. Uongo wa gurudumu ndio uliomkaa kooni.

Kampuni ikampeleka kwenye kliniki moja Nakuru, akalazwa usiku mmoja amebandikwa nyaya kichwani na kifuani. Alitoka huko na mashine ndogo, si kubwa kuliko redio ya mezani, yenye bomba refu na kofia ya pua ya kufungwa kwa mikanda. Kazi yake ni kusukuma hewa kooni usiku kucha ili njia isijizibe. Alitoka pia na sharti. Ndani ya mashine mlikuwa na kadi inayoandika ni saa ngapi imefanya kazi kila siku. Chelimo alitaka kuiona kadi hiyo baada ya siku thelathini. Kila siku iwe na saa nne au zaidi, na akipungukiwa, asipungukiwe zaidi ya siku tano. Akitimiza, atarudishiwa ufunguo wa lori. Asipotimiza, mwezi unaanza upya, na kampuni haikuahidi itasubiri miezi mingapi. Kwa muda huo aliwekwa zamu ya usiku pale pa kupakilia, akihesabu maboksi ya waridi, na kila jioni akimtazama dereva mwingine, Jerry, akiondoka na lori lake.

Sasa mtu wa zamu ya usiku hulala mchana, na mchana ndio Ngigi huzima stima.

Jeff, mwanawe Jepleting, anauza vifaa vya sola mjini Nakuru, na ndiye aliyemtafutia betri. Ilikuwa kisanduku chenye mpini, uzito wa pakiti tatu za unga, na taa nne ndogo za kijani za kuonyesha chaji iliyobaki. Jeff alimwelekeza mamake hatua kwa hatua: atumie waya unaotoka kwenye betri moja kwa moja, asipitishe kwenye kigeuzi cha stima ambacho hula chaji bure, na tangi la maji linalopasha hewa joto alizime, maana hilo linakula kuliko mashine yenyewe. Akifanya hivyo, betri iliyojaa ingempa siku mbili za usingizi. Aichomeke ukutani jioni akienda kazini, asubuhi ataikuta imejaa.

Jepleting aliiingiza betri ile kwenye ploti ndani ya katoni, amelifunika kwa leso. Ngigi alikuwa langoni.

"Umebeba nini, Mama Jeff?"

"Vitu vyangu tu, mzee."

Hapo ndipo alipokosea. Katika ploti, mtu akikuuliza umebeba nini, mwambie ni viazi hata kama si viazi. Ukimjibu ni vitu vyako, umemwachia kazi ya kufikiri, na Ngigi alikuwa na siku nzima ya kufikiri. Chumba namba saba kikatundikwa blanketi dirishani, kikawa na giza na joto. Mwenye chumba akaacha kukaribisha watu. Akanunua dumu la lita tano la yale maji ya betri yanayouzwa kwenye petroli stesheni. Na mchana, stima ikiwa imezimwa kabisa, mle ndani mkawa mnasikika mvumo wa chini usiokatika. Ngigi aliyaweka hayo yote pamoja, giza, joto, maji na mvumo, akapata jibu moja ambalo angelipata mtu yeyote wa huku kwetu aliyewahi kuwa na jirani mwenye tamaa ya kuku. Jepleting alikuwa anaangua mayai.

Jepleting hakuwa na habari. Alichokijua ni kwamba betri haikuwa ikijaa. Aliiacha jioni ikiwa na taa moja, akairudia asubuhi ina taa mbili. Siku ya kwanza alidhani amechomeka vibaya. Siku ya nne mashine ilizimika baada ya saa tatu, na kofia isiyo na hewa ikawa kama mkono wa mtu usoni, akaamka anaipapura. Hapo ndipo alipomtii Jeff akalizima tangi alilokuwa bado akilijaza yale maji ya betri, kinywa kikakauka mpaka ulimi ukanata. Akaanza kulala ubavu mmoja, uso umeelekea betri, ili akifumbua jicho azione taa. Akawa analifumbua kila mara. Taa ya pili ikipepesa, anajiinua kuitazama. Ikizimika, anaanza kuhesabu: amelala saa moja na nusu, bado mbili na nusu, je, itafika? Mtu anayepiga hesabu hivyo hajalala.

Alimpelekea Jeff betri Nakuru, akimlaumu kwa kumuuzia kitu kibovu. Jeff aliichaji dukani, ikajaa taa nne, akaiacha inaendesha feni mchana kutwa, na jioni ilikuwa bado na taa mbili.

"Betri iko poa, mathe," Jeff alisema. "Angalia soketi yako."

Alibadilisha soketi. Akabadilisha waya. Akahamisha kitanda. Alikuwa akitembea chumbani kutoka mlango hadi ukuta, hatua nne kwenda na nne kurudi, akiitazama betri ile kwa chuki. Kazini alihesabu maboksi na kusahau hesabu katikati, akaanza tena, na Jerry akapiga honi ya kumuaga kama mtu anayemtania. Kufikia siku ya ishirini alikuwa amepungukiwa siku tano. Hakubakiwa na hata moja ya kuchezea.

Siku ya ishirini na moja, saa sita mchana, mlango ukagongwa.

Aliufungua akiwa na kofia usoni na mikanda yake ikining'inia kifuani, maana hakuwa na nguvu za kuona haya tena. Nje alikuwa amesimama Ngigi, amebeba katoni tupu lililotobolewa matundu ubavuni. Nyuma yake alikuwa Cate wa chumba namba nane, mfungaji maua aliyekuwa kwenye siku yake ya mapumziko, ameletwa awe shahidi na akakubali kwa sababu hakuwa na la kufanya. Ngigi alikuwa amejitayarisha kusema mengi. Mayai huchukua siku ishirini na moja kuanguliwa, alikuwa amehesabu tangu siku ya lile katoni, na alitaka kuwakamata vifaranga wakitoka kwenye maganda. Alipouona uso wa Jepleting maneno yalimpotea, akabaki na swali moja tu.

"Wako wapi vifaranga?"

Jepleting hakuelewa. Cate ndiye aliyemweleza, akijizuia kucheka. Jepleting akasogea kando, Ngigi akaingia, akatazama chini ya kitanda, akafungua kabati, akaishika mashine na kuinua bomba na kulisikiliza. Hewa ilimpuliza sikioni. Akauliza ni ya nini, na kwa mara ya kwanza Jepleting akamwambia mtu wa ploti kwamba akilala pumzi yake hukatika, kwamba karibu aue watu pale Kinungi, na kwamba bila kulala mchana na mashine ile hatarudi kwenye lori. Aliyasema haraka, kwa sauti ya chini ambayo Cate hakuwahi kuisikia kutoka kwake.

Ngigi aliketi juu ya katoni lake, likabonyea.

"Mama Jeff, mimi ndiyo nimekuwa nikitoa fyuzi yako," alisema. "Ukishaenda job tu, saa moja jioni naitoa. Asubuhi kabla urudi narudisha. Nilitaka mayai yapoe yaharibike."

Jepleting aliivua kofia. Hasira ilimpanda mpaka vidole vikamkaza, na kama Ngigi angekuwa na umri mdogo kidogo angetupwa nje pamoja na katoni lake. Siku tano. Zile taa alizozitazama, waya alizobadilisha, mwanawe ambaye yeye alimlaumu bure.

"Mzee, hapakuwa na mayai," alisema. "Ulikuwa unazima pumzi yangu."

Ngigi aliinuka akatoka na katoni lake, na Jepleting akarudi kitandani kukamilisha saa zake nne. Jioni hiyo Ngigi hakuitoa fyuzi, bali aliifunga kwa utepe ili hata yeye mwenyewe asiitoe kwa mazoea, na asubuhi betri ilikuwa na taa nne. Jepleting alizitazama akaona uchovu wa wiki tatu ukimshuka mabegani. Siku tisa zilibaki. Sasa, aliwaza, atalala.

Lakini Ngigi alikuwa mtu wa kufanya jambo mpaka mwisho, awe amekosea au amepatia. Mchana huohuo alipita mlango kwa mlango akieleza kwamba namba saba kuna mgonjwa wa pumzi na yeyote atakayepiga kelele kati ya saa tatu na saa kumi atahama. Watoto wakakatazwa mpira uani. Redio ya betri ya namba nne ikazimwa. Cate, siku asiyo kazini, akawa anafua kwa kukamua polepole, na maji aliyamwaga chini kidogokidogo. Muuza mboga mwenye kipaza sauti alifukuzwa langoni kwa ishara za mikono. Ploti iliyokuwa na makelele tangu siku iliyojengwa ikawa kimya kama kanisa siku ya kazi, na Jepleting, aliyelala maisha yake yote katikati ya ngurumo za malori na misumeno ya Elburgon, akalala kitandani macho makavu akiusikiliza ukimya ule uliotengenezwa kwa ajili yake.

Kila nusu saa nyayo zilikuwa zikija taratibu mpaka dirishani, zikasimama. Kisha sauti ya Ngigi ingemnong'onezea mtu uani: "Inapuliza." Halafu nyayo zinaondoka.

Alitaka kutoka awaambie wapige kelele. Aliona haya. Walikuwa wanamtendea wema, na angeanzia wapi kumlalamikia mtu kwa wema? Siku zile alilala saa mbili, saa tatu, zilizobaki akakaa na kofia usoni akiwaza. Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo alitamani asingeligundua. Mashine haikujali. Awe macho au usingizini, ilimradi amevaa kofia na hewa inakwenda, kadi iliandika tu. Hakuhitaji kulala. Alihitaji kuvaa.

Alijaribu kutoliwaza. Siku ya thelathini alijilaza saa tatu asubuhi, akavaa, akafumba macho. Betri ilikuwa imejaa, mashine inavuma vizuri, hewa safi inaingia, na kila kitu kilikuwa jinsi kilivyotakiwa kuwa. Hakulala hata dakika moja. Aliwaza ufunguo, akamwaza Jerry alivyokirudisha kiti cha lori nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu, akawaza kama Chelimo ataisoma kadi siku kwa siku au ataangalia jumla. Nyayo zikaja, zikaenda. Inapuliza. Saa kumi na dakika kumi aliivua kofia. Macho yalikuwa kama yametiwa mchanga.

Jioni, ofisini, Chelimo aliichomeka kadi kwenye kompyuta na kuzipitia siku moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa tano zilizopungua, hazikuzidi. Alifika ya mwisho akatabasamu.

"Leo umevunja rekodi, mathe. Masaa saba na dakika kumi. Hii ndiyo siku yako ya best."

Akauondoa ufunguo kwenye msumari wake ukutani na kumkabidhi.

Jepleting alitoka nao. Lori lilikuwa limeshapakiwa, mtambo wa baridi unanguruma, harufu ya maboksi mabichi ileile. Alipanda, akakivuta kiti mbele mpaka mahali pake, akashika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa ameingoja saa hii mwezi mzima. Alifurahi, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Kisha kope zikashuka. Si kwa muda mrefu, labda pumzi mbili, lakini alipozifumbua hakukumbuka kuzifumba, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshaachia usukani.

Alikaa pale. Hakuna mtu aliyemwona. Njiani mbele yake palikuwa na Kinungi na magari ya watu waliokuwa wakienda makwao.

Aliteremka, akarudi ofisini, akauweka ufunguo juu ya meza.

"Madam, hayo masaa saba ya leo sikulala."

Chelimo aliitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye. "Lakini kadi inasema ulikuwa umelala."

"Kadi inahesabu mashine ikipuliza. Mimi nilikuwa macho nikiisikiza. Na hizi siku nane zingine, mara nyingi ni saa mbili, saa tatu tu."

Chelimo aliichomoa kadi na kumrudishia. "Hakuna mtu angejua," alisema.

"Mimi ningejua. Nikifika Kinungi."

Chelimo akauchukua ufunguo na kuutundika tena kwenye msumari. Akamwambia bila ukali kwamba basi mwezi huu haukutimia, itabidi uanze upya kesho, siku thelathini nyingine, na kwamba akiwa tayari ufunguo utakuwa palepale. Jepleting akasema anaelewa. Aliumia. Alitamani hata mtu amfokee apate pa kuyapeleka machozi. Jerry aliitwa, akaingia akiwa amechanganyikiwa, akapewa karatasi za mzigo.

"Mashine uko nayo?" Chelimo alimuuliza Jepleting kabla hajatoka. Alikuwa nayo kwenye begi, pamoja na betri, maana alikuwa ameifungasha kwa ajili ya safari. "Basi enda kwa chumba cha madereva. Kuna kitanda. Maboksi yatahesabiwa na mtu mwingine leo."

Chumba cha madereva kina vitanda viwili, meza moja, na wanaume wasiopungua watatu wakicheza drafti kwa vizibo vya chupa. Kwa miaka tisa Jepleting alikuwa amekaa nao na kula nao, na hakuwahi kulala mbele yao hata mara moja. Aliweka betri sakafuni, akachomeka waya, akazitazama taa mara moja tu, na hakujipindua kuwaficha uso. Alivaa kofia mbele yao na kukaza mikanda. Mchezo ukasimama. Mmoja akauliza hiyo ni nini.

"Ni ya kunisaidia kupumua nikilala," alisema. "Kuna kitu moja nawaomba. Msininyamazie. Chezeni tu vile mnacheza."

Walitazamana. Kisha mmoja akala vizibo vitatu vya mwenzake kwa mpigo mmoja akavibamiza mezani, mwenzake akamwita mwizi, kiti kikaburutwa, nje mtambo wa baridi wa lori lake ukapandisha mngurumo na Jerry akapiga honi. Kabla lori halijafika getini, Jepleting alikuwa amelala.